Bambo la Karani Hezekiah

Katika Nakuru nzima hapakuwa na mtu aliyejua mawazo ya Bonde la Ufa kama Hezekiah, karani wa mizani katika ghala la mahindi karibu na stesheni, na hapakuwa na mtu aliyemwomba ayajue. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1957. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mwezi wa tatu Waafrika nao watapiga kura, si wote, bali wale tu watakaoonekana watu mbele ya karani wa kuandikisha. Tangu siku hiyo Hezekiah hakula chakula chake kwa utulivu. Alikuwa anatabiri.

Chombo chake cha kutabiri kilikuwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa kwenye gunia ili punje ziteremke kiganjani. Lori likija na magunia mia, karani hayafungui yote. Huchoma matatu, hutia punje mdomoni, huuma. Zikilia, mahindi ni makavu na lori linaingia. Zikiwa laini, lori linarudi lilikotoka, na dereva anajua mwenyewe atakavyopokewa na Mzungu mwenye shamba. Kwa miaka kumi na mmoja Hezekiah alikuwa amehukumu mashamba mazima kwa punje chache, na mara nyingi alihukumu sawa. Basi akajiuliza: ikiwa magunia matatu yanasema habari za magunia mia, kwa nini watu watatu wasiseme habari za wilaya?

"Mmetoka wapi?" alimwuliza dereva mmoja asubuhi hiyo, bambo likiwa limezama guniani.

"Londiani, karani."

"Na huko Londiani watu wanasema watampa nani kura? Mwalimu Kimaiyo ama Kipkorir?"

Dereva akalitazama bambo. Akazitazama punje zilizokuwa zikiteremka. "Wewe unaona nani, karani?"

"Mimi naona Mwalimu Kimaiyo ni mtu wa maana."

"Basi ni huyo! Kwetu ni Kimaiyo tu. Hata watoto. Hata ng'ombe wangekuwa na kura wangempatia."

Taniboi wake wawili, vijana wa kupakua, wakaapa vilevile. Hezekiah akauma punje, akatafuna kidogo, akasema, "Kavu. Ingiza." Kisha akatoa daftari dogo mfukoni akaandika: Londiani, watatu kwa watatu.

Kando yake alikaa Kinyanjui, mshona magunia, na shazia yake ndefu. Yeye alikwenda kuandikishwa akaambiwa kwamba Mkikuyu hapigi kura bila karatasi ya kuonyesha kuwa ni mwaminifu kwa serikali, na kwamba karatasi hiyo hupewa mtu ambaye tayari anajulikana kuwa mwaminifu. Alirudi akaendelea kushona.

"Karani," alisema bila kuinua kichwa, "hao watu wanakuogopa. Unawauliza na hiyo chuma iko mkononi."

"Chuma ndiyo inatoa ukweli."

"Kwa gunia, ndiyo. Gunia ukichoma inatoa ile kitu iko ndani. Mtu ukimchoma anatoa ile kitu wewe unataka. Na huyo dereva, ameandikwa kura?"

"Hilo ni jambo dogo."

"Haya."

"Wewe huna kura, Kinyanjui. Utajuaje mambo ya kura?"

Kinyanjui akauma uzi, akakata. Hezekiah akahesabu kwamba ameshinda mjadala.

*

Nyumbani kwa Hezekiah kulikuwa chumba kimoja katika laini za wafanyakazi wa kampuni: kitanda, pazia, kitanda cha bintiye Nelima nyuma ya pazia, na ukutani kalenda ya mwaka jana iliyogeuzwa nyuma ili ionyeshe mgongo mweupe. Hapo ndipo Bonde la Ufa lilipoishi. Kericho, Nandi, Baringo, Narok, Molo, Naivasha, kila moja na safu yake ya penseli. Kwa kuwa hapakuwahi kuwa na uchaguzi wa namna hii, Hezekiah alikosa cha kulinganisha, lakini hakukubali upungufu huo umsimamishe. Alilinganisha na uchaguzi wa wazee wa kanisa. Alilinganisha na kamati ya josho la ng'ombe kule Baringo, ambako walichagua mwenyekiti mrefu. Kimaiyo alikuwa mrefu. Kwa hiyo Baringo ilikuwa ya Kimaiyo.

"Na Kericho?" aliuliza Darweshi.

Darweshi alikuwa na hoteli mtaa wa Bondeni, kofia nzuri ya lasi, na Kiswahili cha pwani kilichofanya watu wamsadiki hata alipotaja bei ya chai. Yeye ndiye wakala wa Mwalimu Kimaiyo pale mjini, na Jumapili hiyo alikuja kuliangalia lile jambo la ukutani ambalo alikuwa amelisikia sokoni.

"Kericho ilikuwa ya Kipkorir," Hezekiah alisema, akiipiga kalenda kwa penseli. "Kabla ya Krismasi. Sasa inageuka. Wiki jana malori manne kutoka huko, watu tisa kwa kumi na mmoja. Ikigeuka Kericho, Nandi hawezi kubaki peke yake. Anageuka pia."

"Subhanallah. Na hapa Nakuru mjini?"

"Hapa nimehesabu nyumba kwa nyumba. Hii yetu, kwa mfano, ni nne." Akaandika 4.

Mkewe, Nasimiyu, alikuwa anapiga pasi sare yake ya ukunga. Pasi ya makaa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Hiyo nne ilikuwa na historia yake. Karani wa kuandikisha alimpa Hezekiah kura moja, kwa ajili ya miaka yake ya kazi. Nasimiyu alipewa tatu, kiwango cha juu kabisa: moja ya shule, moja ya mshahara wa serikali, moja ya miaka aliyotumikia hospitalini. Sheria ndivyo ilivyotaka, ati mtu aliyesoma ana maoni mengi kuliko wengine. Kesho yake pale bombani wanawake walikwisha mpa Nasimiyu jina la Mama Tatu, na watoto wa laini wakamwita Hezekiah Bwana Moja, kwa sauti, akipita na suruali yake iliyonyoshwa vizuri. Iliuma. Alijifariji kwa kuzijumlisha. Tatu na moja ni nne, na nne ni za nyumba, na nyumba ina kichwa.

"Bwana Hezekiah, wewe ni hazina," Darweshi alisema, akasogeza kiti. "Mwalimu akiingia Baraza la Sheria atahitaji karani wake hapa Nakuru. Mtu wa hesabu. Mshahara mzuri, na nyumba ya mawe, vyumba viwili. Lakini kazi inaanza sasa. Wiki tatu hizi nakutaka hotelini kwangu asubuhi hadi jioni. Ghala uliache. Na sharti ni moja tu: hapa mjini tushinde."

"Hapa mjini tumeshashinda," alisema Hezekiah.

*

Hezekiah aliishia darasa la nne. Kizungu alikijua cha tarakimu, majina ya mashamba, na maneno mawili tu, lile la kavu na lile la bichi. Barua ya kuacha kazi, kwa meneja Mzungu, ilihitaji mkono wa Nasimiyu, aliyesoma ukunga kwa Kizungu miaka mitatu.

"Andika," alisema, mikono nyuma. "Mimi Hezekiah naacha kazi. Nimepata cheo. Chumba nitarudisha baada ya wiki tatu, kwa maana wakati huo nitakuwa na nyumba ya mawe."

Nasimiyu alishika kalamu lakini hakuandika. "Na kama Kimaiyo akishindwa?"

"Hawezi. Nimehesabu."

"Umehesabu nani?"

"Watu."

"Watu wenye kura?"

"Mama Nelima, hebu!"

"Nauliza tu. Huna kazi, huna chumba. Wasichana wasioolewa ndio wanapewa nyumba kule hospitali, mimi sitapewa. Na askari akikushika mjini na kipande yako ya kazi haina jina ya mwajiri, siku hiyohiyo ni lori mpaka kwenu Kimilili. Nelima nitamlaza wapi? Chini ya kitanda ya wagonjwa?"

Yote hayo yalikuwa kweli, na Hezekiah aliyajua. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na Nakuru ya siku hizo haikuwa na huruma na mwanamume asiye na mwajiri. Lakini mtu aliyekwisha igeuza Kericho hawezi kusimamishwa na chumba kimoja.

"Kazi yako ni kuzalisha," alisema. "Mambo ya wilaya niachie mimi. Andika."

Nasimiyu akainama, akaandika, mistari sita mizuri iliyolala sawa.

"Nikusomee?"

"Ya nini? Si nimesema mwenyewe?" Akatia sahihi yake kubwa chini.

Jumatatu aliipeleka ofisini mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kubembelezwa. Miaka kumi na mmoja si mchezo. Meneja akaisoma akitafuna kiko.

"Haya. Sawasawa," akasema. "Wewe nafanya kazi mingi sana. Kwenda."

Hezekiah alisubiri. Hapakuwa na neno jingine. Iliuma kuliko alivyotarajia, kwamba mtu aweze kuachwa hivyo, kama anayeomba kwenda kunywa maji.

"Na bambo, bwana?"

"Bambo? Kaa na wewe tu."

Basi angalau zawadi ya kuagana. Akalichukua bambo lake, akalifuta, akatoka nalo kwapani akipita mbele ya Kinyanjui bila kugeuza shingo.

*

Kwa wiki tatu Hezekiah alikuwa mtu mkubwa. Kalenda ilihamia ukutani kwa Darweshi, juu ya sahani za maandazi, na watu walikuja kuangalia jinsi nchi inavyokwenda. Aliwaonyesha kwa bambo. Hapa Molo. Hapa Naivasha, imesimama, lakini kwa miguu dhaifu. Watu wakauliza Dundori itakuwaje, akasema Dundori itafuata Molo kwa sababu zote mbili zinalima viazi. Mzee mmoja akauliza kama mtu wa viazi hawezi kumpenda Kipkorir. Hezekiah akamwangalia kwa huruma.

Wateja walikubali kila kitu. Darweshi alikuwa akimmiminia chai ya pili bure kila mtu aliyemtaja Kimaiyo, na siku hizo karibu kila mtu alimtaja.

Siku ya kura alivaa tai. Alisimama nje ya ukumbi, akihesabu vichwa, akitia alama. Nasimiyu alifika saa nne na sare yake, kati ya mama mmoja aliyekwisha jifungua na mwingine aliyekuwa bado, akapanga mstari kama watu wote. Aliingia. Alikawia. Hezekiah aliyekuwa ametumia dakika moja akaanza kutokwa na jasho.

"Mbona umekawia?" alimwuliza alipotoka.

"Karatasi tatu si moja."

Watu wawili mstarini wakacheka. Hezekiah akashusha sauti. "Umefanya vile tulisema?"

"Tulisema lini?" alijibu Nasimiyu, akaangalia saa yake iliyobandikwa kifuani, akaenda zake hospitalini kwa haraka, kwa maana yule mama alikuwa wa kutoka Lanet na alikuwa amebeba pacha.

Hezekiah alibaki na penseli hewani. Alijaribu kukumbuka siku waliyosema. Akaitafuta Jumapili ya Darweshi, siku ya barua, asubuhi hiyo kwenye chai. Hakuiona. Akajiambia kwamba mambo mengine katika nyumba hayahitaji kusemwa, akatia alama tatu upande wa Kimaiyo.

*

Matokeo yalifika siku ya Jumamosi. Kericho ilikuwa haijageuka. Nandi haikuwa imegeuka. Baringo, licha ya urefu wa mwenyekiti wa josho, ilimpa Kipkorir, aliyekuwa mfupi. Londiani, watatu kwa watatu, palikuwa na Kimaiyo mahali fulani mkiani. Dundori ilikwenda kinyume cha Molo, viazi na yote. Ni Nakuru mjini tu palipokuwa na mapambano: Kipkorir mia nne na kumi na mbili, Kimaiyo mia nne na saba.

Darweshi hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Aliitoa kalenda ukutani, akaikunja mara mbili, akaanza kupepea nayo jiko la maandazi.

"Bwana Darweshi, ni kura tano tu..."

"Tano ni nyingi, bwana. Ungeniambia tano nisingemwaga chai." Akapepea. "Kiti hicho, tafadhali. Kuna mteja."

Hezekiah akainuka. Njiani aliizungusha ile tano kichwani. Ikiwa mtu mwenye kura tatu alimpa Kipkorir, na angempa Kimaiyo, basi Kimaiyo mia nne na kumi, Kipkorir mia nne na tisa. Wangeshinda kwa moja. Alisimama katikati ya barabara mpaka mwenye mkokoteni akampigia kelele.

Nasimiyu alipotoka zamu alimkuta amekunja godoro, amefunga sufuria kwa shuka, na Nelima ameketi juu ya sanduku akiwa amevaa viatu.

"Mnaenda wapi?"

"Wiki tatu zimeisha," Hezekiah alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jumatatu nyapara atakuja na kufuli. Afadhali atukute tumetoka wenyewe. Nisamehe, Mama Nelima. Wewe na mtoto mtaenda kwa dada yako Rongai. Mimi nitaenda nyumbani kabla sijashikwa."

Nasimiyu akavua viatu vyake vya kazi, akavipanga ukutani. "Ile barua ulipeleka ilikuwa ya likizo."

"Nini?"

"Likizo. Wiki tatu. Miaka kumi na moja hujachukua hata siku moja. Niliandika mama yako ni mgonjwa."

"Mama ni mzima!"

"Tumshukuru Mungu."

Hezekiah aliketi juu ya godoro lililokunjwa, nalo likamtupa pembeni, akaketi chini. Hasira ilimpanda, na ilikuwa hasira ya haki, kwa sababu alikuwa amedanganywa, tena kwa sahihi yake mwenyewe. Nyuma ya hasira ikaja furaha, kubwa hata ikamtia aibu, kwa maana chumba kilikuwa bado chake. Hakujua aonyeshe ipi kwanza.

"Ulinidanganya," alisema mwishowe.

"Nilikudanganya. Niliogopa. Nilikuuliza mara mbili, ukaniambia nizalishe." Akaanza kuifungua shuka ya sufuria. "Ningekataa kuandika, ungetafuta mtu mwingine akuandikie. Nelima, vua viatu."

*

Jumatatu meneja alimwuliza kama mama iko mzima. Hezekiah akasema ni mzima kabisa, na ndilo jambo pekee alilotabiri mwezi huo likawa kweli. Kinyanjui alikuwa mahali pake na shazia yake. Alimkaribisha kwa kichwa tu. Kisha akaendelea kushona.

Saa tatu likaingia lori la Londiani, dereva yuleyule.

"Karani umerudi!" akaita kabla hajazima injini. "Huko kwetu bado ni Kimaiyo tu!"

Matokeo yalikuwa yametangazwa siku mbili zilizopita. Hezekiah alimtazama yule mtu, akaona kwamba macho ya dereva hayakumwelekea yeye hata kidogo. Yalikuwa kwenye bambo. Akachoma magunia matatu, akauma. "Kavu. Ingiza." Akaliweka bambo chini, juu ya magunia, mbali kidogo. "Mahindi yameshaingia. Hakuna mtu atayarudisha. Sasa niambie."

"Ukweli?"

"Ukweli."

Dereva akajikuna shingo. "Karani, mimi sina kura. Hawa vijana hawana. Shambani kwetu wenye kura walikuwa wawili, mwalimu na mpishi wa Mzungu."

"Na hao walimtaka nani?"

"Nani angewauliza?"

Kinyanjui akacheka, kicheko kifupi puani, na baada ya kitambo Hezekiah akacheka pia, ingawa kwake kilitoka kwa shida. Jioni alilifungia bambo kabatini, jambo ambalo hakuwa akifanya, akaenda nyumbani mikono mitupu. Nasimiyu alikuwa anamimina chai. Mahali pa kalenda ukutani palibaki misumari minne.

"Mama Nelima," alisema, akaketi. "Nataka kukuuliza kitu. Si lazima ujibu."

"Uliza."

"Ulimpigia nani?"

Nasimiyu alimaliza kumimina kikombe, akakisogeza mbele yake, akamtazama usoni kwa upole ambao Hezekiah hakuustahili, naye alijua hivyo.

"Kura ni siri, Baba Nelima," alisema. "Lakini ungeniuliza mwezi wa pili, ningekuambia."